Boti ya Hoyt na Nyungunyungu wa Plastiki

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Duane, mume wa binti yangu, kaja kunywa chai yangu ya barafu na kuniudhi kwenye kibaraza changu. Eti boti ya marehemu mume wangu, Hoyt, iuzwe. Eti bibi wa umri wangu hana kazi ziwani. Hoyt aliiandika kwa jina la binti yetu, kumbe alikuwa anamwandikia huyu! Nikamwambia ajaribu aone. Akasema sawa Mama, Jumamosi kuna shindano la kuvua samaki la akina mama wa kanisa. Nikirudi na samaki mmoja tu, boti inabaki. Nikirudi mikono mitupu, kama kila mwaka tangu Hoyt afe, Jumapili inauzwa.

Mmoja! Nitamletea watano, nimchape nao usoni.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Besi, wale samaki wa Ziwa Tolliver, wamedeka. Nyungunyungu wa udongoni hawamtaki. Wanataka wa plastiki, laini, mnene, mrefu kuliko kiganja changu. Miaka yote Hoyt ndiye aliyenivalishia kwenye ndoana. Mimi kazi yangu ilikuwa kutupa, kuvuta na kusifiwa.

Leo nimemvalisha mwenyewe. Kapinda kama mtu aliyeshikwa na tumbo. Nikamtupa toka gatini, akazunguka majini kama feni, mshipi wote ukajisokota. Na nani yuko gati la pili? Opaline, dada yake Hoyt, jirani yangu kwa adhabu ya Mungu. Akapaza sauti ziwa zima lisikie: "Wifi! Huyo umemtuma kuvua au kucheza ngoma?"

Kisha akajitia mwalimu. Eti ncha ya ndoana iingie puani mwa nyungunyungu, itokee kidevuni, ndoana igeuzwe, halafu ncha irudi ndani ya mwili ijifiche, isinase visiki. Na nyungunyungu anyooke. Ijifiche! Ndoana iliyojificha inamchoma nani? Huyu anataka nishindwe. Nikamwambia akamfundishe paka wake.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Nimewaza sana. Mikono ya Opaline haina lolote. Ujanja uko kwenye nyungunyungu wake: wale weusi wa aina mpya, wanaovutika kama mpira wa suruali, hawakatiki.

Kwenye ibada ya jioni mchungaji kasema tufumbe macho. Mimi sikufumba, nikanyata hadi nje. Gari la Opaline halifungwi, pakiti iko kwenye kiti. Nimechota konzi moja. Wizi uko wapi? Mali ya ukoo ile.

Nimewachanganya kwenye boksi moja na wa zambarau wa Hoyt, aliowatengeneza mwenyewe gereji kwa kumimina plastiki ya moto kwenye kalibu. Ndio wa mwisho. Hoyt kwa hili alikuwa mkali: aina hii boksi lake, aina ile boksi lake. Ukimuuliza kwa nini, anasema hawaelewani. Mwanamume ambaye soksi zake hakuwahi kuzitenganisha!

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Jua kali. Boksi limeshinda garini. Nimepita duka la chambo kuwatangazia wote kwamba kesho nashinda. Wakatazamana. Wivu.

Opaline akaingia kununua pakiti nyingine. Akasema gari lake limeingiwa na panya, na panya wa kanisa letu siku hizi wanavaa hereni. Watu wakacheka. Nikasema panya naye kiumbe wa Mungu. Akanivuta pembeni, akasema wifi, njoo alfajiri nikuvalishie mmoja, kwa ajili ya kaka. Nikamwambia kaka yako hakuniachia ukilema.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Nimefungua boksi katikati ya ziwa. Nyungunyungu hakuna. Kuna uji! Mweusi na zambarau, unanata kama lami. Weusi na wa zambarau wameyeyushana, wamelana wote, hata sakafu ya boksi imelainika. Kumbe ndiyo maana ya "hawaelewani." Si angesema vizuri! Maisha yote anaongea nusu nusu, halafu anakufa.

Chini ya kiti nikaukuta ufito wake wa zamani wa kuvulia. Kwenye ndoana bado yuko mmoja, aliyemvalisha mwenyewe siku moja kabla moyo haujasimama. Hakuna aliyemgusa. Kanyooka kama rula, ncha haionekani. Nikakaa kidogo. Upepo uliniingia machoni.

Nikamtupa penye visiki. Mara ngo, ngo, samaki kagonga! Nikavuta papo hapo kwa nguvu zangu zote. Wapi! Na sababu ninaijua: ncha imejificha. Nikaichomoa, ikang'aa kama inavyotakiwa. Nikatupa tena. Ikanasa kisiki. Nikavuta kama navuta mbuzi. Mshipi ukakatika. Nyungunyungu wa Hoyt kabaki kule kwenye kisiki, mkia unatikisika.

Opaline akaja na kiboti chake cha bati. Hakucheka. Afadhali angecheka. Akaninyooshea ufito wake, nyungunyungu tayari kavalishwa. Akasema, "Tupa, wifi, muda bado upo. Akigonga, usimkimbilie. Mpe nafasi amshike vizuri, ndipo uvute." Nikautupa. Ufito mzima, majini, mbele ya macho yake.

Nimerudi na matope ya viatu.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Boti imeuzwa. Kainunua Opaline! Kaifunga gatini kwake, niione kila nikiosha sahani. Duane anasema nishukuru, imebaki kwenye familia. Familia gani?

Mchana Opaline akaniletea mkate wa mahindi, wa moto, na pakiti nzima ya wale weusi. Akasema kiti cha mbele cha boti hakalii mtu, ni changu, Jumanne tunatoka pamoja. Nikamjibu mimi si abiria. Akaweka vyote mezani, akaondoka. Mkate nimeula, chumvi haikukolea.

Gereji, nyuma ya rangi, nimekuta wa zambarau watatu wa Hoyt. Nilidhani wameisha. Nimewalaza pamoja na weusi wa Opaline kwenye boksi moja jipya, nimelifunga vizuri, nimeliweka juu ya rafu ya jiko, pale penye joto, wasipate unyevu. Nitapata boti nyingine. Mwakani wataniona.

Safari hii wana mwaka mzima wa kuzoeana.