Vita vya Mama Nyundo na Jiwe Lililopoteza Juu

Tegeni masikio, mlioketi na mlio njiani, na redio zizimwe. Maana inatajwa leo habari ya Mama Nyundo, mpasua miamba, mtafiti asiyetishwa na genge wala wimbi, mkwe wa mwanamke ambaye doa halijapata kumshinda.

Jiwe lenyewe lilizaliwa kilindini, kusikofika jua, ambako mchanga na tope huporomoka gizani na kutulia tabaka juu ya tabaka, mpaka ardhi ilipojikunja ikalipandisha kwenye genge la pwani. Mama Nyundo alilibandua huko, akalichora mshale mwekundu kuonyesha upande uliokuwa juu siku tope lilipotulia. Maana matabaka ya pale yamepinduka, na jiwe lisilojua juu yake ni shahidi bubu. Kisha genge likameguka, likaanguka baharini. Likabaki jiwe hilo moja, na ikafika siku ambayo mchana alipaswa kulitetea mbele ya wakubwa wake wa kazi.

Asubuhi ya siku hiyo akalikuta jikoni linang'aa, mshale hakuna.

"Nimekuoshea, mwanangu," akasema mama mkwe, povu mikononi. "Sijui nani kalipaka rangi. Watu hawana adabu!"

Lo! Shujaa alitaka kulia, akamstahi mkwewe, akaligeukia jiwe.

"Ewe uliyebeba bahari mgongoni," akanena, "ukakunjwa usivunjike, leo ushindwe na sabuni ya kipande?"

"Unaongea na jiwe? Ngoja nimpigie mumeo."

Ndipo akaikumbuka silaha ya kale ya wenzake wa kazi: meno. Kwani poromoko likitulia, mchanga mzito hutangulia chini na tope laini hufuata juu. Jicho laweza kudanganywa, jino halidanganyiki. Akakwangua upande mmoja kwa kisu, akatafuna. Krr! Akageuza, akatafuna tena. Kimya.

"Mama, hebu onja na wewe. Nisije nikajidanganya."

"Mimi? Nile jiwe?"

"Si umeliosha mwenyewe?"

Mama mkwe akafuta povu mikononi. Akaonja upande wa kwanza, akakunja uso. Akaonja wa pili, uso ukakunjuka.

"Kule kunakwaruza. Huku laini kama uji."

"Basi huku ndiko juu!"

Mama mkwe akaingia chumbani, akatoka na rangi yake ya kucha. Na vizazi vikumbuke: asubuhi ile, vyombo havijakauka, juu ilirudi juu, na mwanamke aliyeyashinda madoa yote akachora doa moja kwa mkono wake mwenyewe, akalipuliza mpaka likakauka.