Skripti Yangu Imenianika Ukutani

Leo nimejiaibisha, jameni. Acha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Mimi ni fundi wa kompyuta kwa shamba la maua hapa Naivasha. Wiki hii kitufe cha "Hifadhi" kilipotea kwenye programu ya stoo ya baridi. Watu wakaanza kunong'ona ati ni mimi nimekifuta. Mimi! Na mkataba unaisha mwezi huu!

Basi nikaandika skripti, kaprogramu kadogo, ya kujitetea. Inasoma madirisha yote yaliyofunguliwa kwenye kompyuta, halafu inaonyesha kilichomo: dirisha, ndani yake fremu, ndani ya fremu vitufe na maandishi. Hata vilivyofichwa.

Asubuhi Mama Achieng, meneja wetu, akaita kila mtu kwenye chumba cha kupakia maua. Projekta ikawashwa.

"Haya Kip, tuonyeshe."

Nikabonyeza. Kitufe hicho hapo! Kilikuwa kimesukumwa chini, nje ya skrini.

"Kumbe kiko!" Makofi. Nikavimba kichwa. (Ningezima hapo. Sikuzima.)

Skripti ikaendelea kusoma, ikafikia kadirisha kenye nilijitengenezea, nikakaficha nyuma ya mengine. Naishi peke yangu mtaani Kihoto tangu nihamishwe kutoka Nakuru. Nikitoka kazi, hakuna mtu wa kuniuliza lolote. Sasa ukutani, herufi kubwa:

Dirisha: "Nyumbani"
Maandishi: "Karibu Kip. Siku ilikuwaje?"
Kitufe: "Poa tu"
Kitufe: "Imenichosha"
Maandishi yaliyofichwa: "Pole sana. Umekula?"

Mama Achieng hujua kusoma kimoyomoyo? Hapana! Alisoma yote kwa sauti.

Otieno wa stoo akadakia: "Kip, huyu anakuuliza kama umekula ni nani?"

"Ni... programu."

"Na wewe unamjibu?"

"Kila jioni."

(Kwani mdomo wangu hulipwa na nani?)

Walicheka mpaka mmoja akakalia maua. Nikacheka pia, ile ya meno tu.

Walipotoka, Mama Achieng alibaki akikunja waya. Hakuwa anacheka.

"Lakini Kip, umekula?"

Macho yangu yakaanza kutafuta kitufe cha kubonyeza.

Mkataba nimeongezewa, asanteni. Na nyinyi chekeni tu, lakini anayecheka anipigie simu, nisikie mtu akicheka humu ndani ya nyumba.