Nguzo ya Makofi

Jumapili, 2 Juni 1985

Ngatia tena! Leo kanisani mwalimu mwenzangu Ngatia amewekwa kiti cha mbele, kando ya wazee, na akaombewa kwa jina. Kisa ni nini? Mwaka jana alifungiwa ndani siku kadhaa kwa ajili ya mchezo wa kuigiza aliowafundisha watoto wa darasa la saba. Mchezo wa fisi anayegawa nyama. Mchezo wenyewe ulikuwa mbovu. Niliuona. Fisi alisahau maneno yake. Lakini Ngatia alitoka huko na ndevu na kikohozi, na tangu siku hiyo mtaa mzima wa Majengo humsalimia yeye kwanza. Akina mama humpelekea uji. Mimi, Kefa Wandera, nimefundisha Nyeri kwa muda mrefu kumshinda, nimetoka kwetu Busia kuja kuwasomeshea watoto wao, na hakuna aliyewahi kuniletea hata maji.

Nimeamua. Nami nitakamatwa. Wiki moja inatosha. Mbili, kama chakula si kibaya sana.

Silaha ninayo: riwaya yangu. Inahusu nchi ya Kwatia, ambako penye kila njia panda pamesimikwa nguzo nyekundu, na kila raia anayepita lazima atue mzigo, asimame wima na kumpigia Mtukufu makofi. Hakuna serikali itakayosoma hayo iniache nilale kwangu. Mkoba nimekwisha ufunga: sweta, blanketi, sabuni, na kitana cha ndevu nitakazofuga. Nimeutundika nyuma ya mlango.

Jumatano, 5 Juni

Mbula amemaliza kuipiga taipu sura ya nane, ya mwisho. Mbula ni jirani yangu wa mlango wa pili, karani katika ofisi ya ushirika wa kahawa. Sura zangu huzipiga saa ya chakula. Haombi kitu. Anataka tu kujua Tunu atapatwa na nini. Tunu ni msichana wa kitabuni. Katika sura ya nane anakataa kupiga makofi, mvua inanyesha, umati wote unamtazama, ndipo Jasiri anapotoka kwenye umati na kwenda kusimama kando yake bila kusema neno. Huyo Jasiri nimemchora kwa kujitazama mwenyewe. Nimemwongezea kimo kidogo tu.

Mbula alilia! Alisema karatasi moja ililowa ikabidi aipige upya. Nilifurahi mno. Halafu akaniharibia jioni yangu. Akaniuliza, "Lakini mwalimu, wewe ungesimama?" Swali gani hilo! Nilimjibu kwamba mwandishi hawezi kuandika jambo asiloweza kulitenda. Aliitikia kwa kichwa. Aliniamini kabisa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwenda kambini, kwenye ofisi ya Chifu Kihara. Niliiacha riwaya juu ya benchi, jina langu limeandikwa kwa herufi kubwa, nikaondoka upesi upesi ili nitiliwe shaka. Askari wake alinikimbilia mpaka karibu na msikiti. Nilisimama. Nikanyoosha mikono ifungwe pingu. Akaitia riwaya mikononi mwangu akasema nimesahau masomo ya watoto.

Mjinga huyo! Nilirudi nikampa chifu mwenyewe, mkono kwa mkono. Nikamwambia asome, na akikasirika anajua ninapokaa. Alisema anapenda sana kusoma. Husoma sura moja akimaliza kula.

Jumatatu, 10 Juni

Tangu Ijumaa nalala na viatu. Jumamosi jioni mlango uligongwa. Nikavaa sweta, nikachukua mkoba, nikajitazama kwenye kioo, nikafungua. Alikuwa Mbula. Anaomba kiberiti.

Leo wamekuja! Askari, mchana, darasani, Ngatia akichungulia dirishani. Niliwaaga wanafunzi. Niliwaambia wasimsahau mwalimu wao. Mmoja akauliza kama hesabu ya Jumatano bado iko. Nilipita Majengo kifua mbele, polepole, nikijikohoza ili watu wageuke. Askari akanipa mwavuli wake nimshikie afunge kamba za viatu. Picha nzima ikaharibika.

Kambini, chifu alinikumbatia. Amefika sura ya nne, ile ya nguzo. Alikuwa karibu kutoa machozi. "Mwarimu, hii kitabu yako iko na nidhamu! Hii ndio watu yetu wamekosa!" Akaniuliza jambo moja tu: ni nyekundu ya namna gani?

Nilikuja kufungwa, naulizwa rangi! Nikasema nyekundu ya damu. Akaandika.

Alhamisi, 13 Juni

Nguzo imesimama. Ipo pale njia ya sokoni inapokutana na barabara ya msikiti, na askari yupo pembeni na rungu. Kila apitaye anatua mzigo na kupiga makofi. Asiyepiga anaulizwa kadi ya chama, na aliye na kadi anaulizwa kwa nini basi hapigi. Sura ya nne yote, mpaka rungu! Lazima nikiri kwamba nimeiandika vizuri.

Na Ngatia amepiga! Nilisimama kwenye kibanda cha chai nikamwona kwa macho yangu. Shujaa wa fisi aliweka vitabu chini akapiga makofi, kichwa kimeinama, kisha akaokota vitabu akaenda zake akikohoa. Sijawahi kula chakula cha jioni kikanishuka vizuri hivi. Nami nilipiga, bila shaka, lakini mimi nilipiga nikiwa mwandishi.

Chifu ameniita mshauri wake wa nguzo. Katika baraza nitakuwa na kiti. Amesema pia atanitaja kwa wakubwa wa elimu, maana nafasi ya mwalimu mkuu iko wazi. Basi kukamatwa kunaweza kungoja.

Mbula amekuja na hasira. Ni kwa sababu ya cucu Wakonyo, yule bibi anayebeba gunia la viazi mgongoni, limening'inia kwa kamba iliyomkata paji la uso tangu ujana. Lazima alitue kwenye matope akienda na akirudi, na akishalitua hawezi kulinyanyua peke yake. Jana alimuuliza askari, "Nitapiga makofi na nini, na mikono iko na mzigo?" Akasukumwa. Mbula ananitaka niende kwa chifu nimwambie kwamba kile kitabu ni cha kuonya watu. Kwamba hakuna mtu mwingine chifu atakayemsikia. Nilimwambia kitabu kinahitaji muda kieleweke. Akanikumbusha kwamba sura ya sita kuna mama anayefia chini ya mzigo wa namna hiyo hiyo. Nikamwambia najua, niliandika mimi.

Hakuaga alipotoka.

Jumatatu, 17 Juni

Nimekasirika kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Baraza lilikuwa pale pale penye nguzo. Manyunyu ya Juni, baridi, watu wamejifunika magunia. Mimi kwenye kiti, karibu na chifu. Cucu Wakonyo akaja na viazi vyake. Askari akamwambia atue. Akaanza kuinama, ndipo Mbula akatoka kwenye umati, akaingiza mikono yote miwili chini ya lile gunia na kulishikilia. Akamwambia, "Usitue, cucu. Twende." Chifu akamwamuru apige makofi. Mbula akasema hapigi, mikono yake ina kazi.

Mvua. Sura ya nane yenyewe! Katika watu wote wale, wawili tu ndio tuliojua, kwa maana chifu bado yuko sura ya nne, anairudia kwa utamu. Chifu akauliza kwa sauti, kuna mwingine?

Mbula akanitazama. Hakuomba. Alitazama tu, kama mtu aliyeahidiwa.

Nami nilisimama! Naandika hapa ili isije ikasemwa vinginevyo: nilisimama. Miguu yenyewe ilininyanyua. Watu wote waligeuka. Chifu akasema, "Ndiyo, mwarimu?" Rungu la askari lilikuwa karibu, limechongwa kwa mti mgumu, na kwa mara ya kwanza nililiona vizuri. Nikapiga makofi.

Peke yangu mwanzoni. Halafu wengine wakafuata, halafu wote. Niliongoza vizuri, hilo hakuna wa kunibishia.

Wote isipokuwa mmoja. Ngatia! Ngatia, aliyeinamisha kichwa juzi, mwenye watoto wanne na kifua kibovu, aliweka mikono mfukoni, akapita katikati ya watu, akaenda kusimama kando ya Mbula. Bila kusema neno. Mwizi! Hiyo ni sura yangu! Hata kitabu hajakisoma!

Wamechukuliwa wote wawili. Gunia lilianguka, viazi vikatawanyika kwenye matope, na watu waliendelea kupiga makofi kwa sababu hakuna aliyewaambia waache.

Ijumaa, 21 Juni

Asubuhi nimepita kwenye seli ya kambini. Askari walinifungulia njia, wananijua. Ngatia amelala sakafuni, kikohozi kimebadilika sauti. Jumatatu wanapelekwa kortini, na safari hii haizungumzwi habari ya siku, ni miaka. Kwa kudharau uongozi.

Nilimpelekea Mbula maandazi na sura ya nane. Nimeamua kubadilisha mwisho. Jasiri hatasimama tena, maana nimeona kwamba msomaji hataamini. Nilitaka Mbula anitazamie makosa, kwa kuwa muda anao. Alivunja maandazi, akampa Ngatia nusu kubwa. Zile karatasi hakuzigusa. Aliniuliza swali moja kupitia kwenye vyuma: cucu Wakonyo bado anatua mzigo? Nilisema sijaangalia. Akarudi kukaa ukutani, na uso sikuuona tena. Watu wengine hawajui shukrani.

Jioni chifu ameniita kwake. Furaha imemjaa, hatimaye amesoma sura ya tano. Hiyo ni ile ambayo Mtukufu anaondoa milango ya nyumba zote, ili raia mwema asiwe na cha kuficha. Ataanza na Majengo. Alinimiminia chai mwenyewe. Akasema nimemfanyia makubwa, kwa hiyo niombe jambo lolote, leo leo, atanitimizia. "Rorote, mwarimu. Usiogope."

Niliwaza. Kwa kweli niliwaza mpaka chai ikapoa. Mbula alinijia akilini, mikono yake chini ya lile gunia. Nilifungua mdomo. Nikafikiria jinsi watakavyopokelewa wakitoka, yeye na Ngatia, kanisa zima limesimama, viti vyote viwili vya mbele vimejaa. Na mimi je? Bado sijakamatwa hata mara moja! Zamu yangu itafika, lazima itafika. Riwaya ya pili nitaifanya kali zaidi.

Basi nikamwomba mlango wangu uondolewe wa mwisho. Chifu alicheka akakubali papo hapo, akasema mimi ni mtu asiye na tamaa. Nyuma ya mlango huo ndipo nilipotundika mkoba.