Jeep ya Mahari na Taa Yake ya Njano

Jumamosi, 7 Juni. Kashebere.

Nimefika. Siku mbili kutoka Ngungu, matope mpaka madirishani, lakini nimefika na jeep imefika. Nimemweleza Papa Akilimali, baba yake Solange, kwamba badala ya mbuzi kumi na wawili wa mahari namletea gari. Mbuzi hufa. Gari hubeba mihogo, mawese, wagonjwa, hata kwaya nzima. Familia imefurahi. Solange amefurahi kuliko wote, ingawa alijizuia kucheka mbele ya wajomba zake.

Kikwazo kimoja. Papa Akilimali hampokei mnyama wa mahari siku hiyohiyo. Humweka nyumbani siku saba, amwangalie anavyokula na anavyolala. Akiwa mzima, anapokelewa na ndoa inaendelea. Akiwa mgonjwa, anarudi alikotoka pamoja na aliyemleta. Amesema jeep nayo ni vilevile: "Nitaiangalia kwanza, mwanangu. Juma moja tu." Nikasema hakuna shida.

Shida ipo. Kuna taa ya njano yenye umbo la injini. Iliwaka Masisi, ikawaka tena Nyabiondo. Ikiwaka, jeep hukosa nguvu mlimani na kutoa moshi mweusi. Nikichomoa waya wa betri na kuurudisha, taa huzimika. Siku saba tu. Betri naijua ilipo.

Jumapili, 8 Juni.

Betri nimechomoa alfajiri. Taa imezimika. Nikaipeleka familia kanisani kwa madaha. Katikati ya kilima ikawaka, mbele ya macho ya Papa Akilimali, aliyekuwa amekaa kando yangu na Biblia magotini. Akauliza ile ni nini. Nikamjibu ni taa ya kuonyesha kwamba injini ipo. Akaitikia kwa kichwa. Niliona aibu kidogo, si nyingi.

Baada ya ibada akamwita Gustave. Huyu ni fundi wa hapa, tena ndiye sauti nzito katika kwaya anayoimba Solange. Mikono yake ni safi kuliko inavyompasa fundi. Simpendi.

Jumatatu, 9 Juni.

Gustave amekuja na mashine ndogo ya kusoma makosa, akaichomeka chini ya usukani. Mashine imesema moshi haupiti vya kutosha. Akanieleza polepole, kana kwamba mimi ni mtoto, kwamba kuna bomba linalochukua sehemu ya moshi wa injini na kuirudisha ndani ikaungue tena, na juu yake kuna mlango unaofunguka na kujifunga, uitwao vane EGR. Nilijifanya nasikia kwa mara ya kwanza.

Ukweli nauandika hapa tu. Bomba hilo nalijua. Mwaka jana, pale Sake, jeep ilikuwa ikifuka moshi hadi askari wa kizuizi cha barabarani wakakohoa. Nikalifungua kule chini, linapoungana na egzosi, bomba kubwa la kutolea moshi nje, nikaliziba kwa kipande cha kopo la sardini, nikakaza bolti. Nani mwenye akili anailisha injini masizi yake yenyewe? Moshi ulipungua. Taa ilianza kuwaka wiki mbili baadaye, kwa hiyo haihusiani kabisa.

Gustave akauliza kama kuna mtu aliyewahi kugusa bomba lile kule chini. Bolti zina kutu, asingependa kuzivunja bure. Nikasema halijaguswa tangu kiwandani. Niliona ni jibu zuri, lenye heshima kwa gari.

Jumanne, 10 Juni.

Gustave amefungua vane. Ametoa masizi ya kujaza bakuli, akaiosha kwa petroli na mswaki. Nilimwombea ashindwe, halafu nikakumbuka gari ni langu na mchumba ni wangu, nikabadilisha maombi. Tukaenda hadi mtoni. Taa kimya. Wakati wa kurudi, kilimani, ikawaka.

Papa Akilimali akaingiza kichwa dirishani, akaitazama. "Iko mugonjwa, hii," akasema kwa huruma. Kisha akaipapasa jeep juu ya injini, kama anavyompapasa mbuzi mwenye homa.

Jumatano, 11 Juni.

Mpango! Kabla watu hawajaamka nimefungua dashibodi na kuchomoa kitaa chenyewe. Ni kidogo kama punje ya mchele. Kukipoteza ni kazi rahisi kuliko kutengeneza injini.

Gustave naye akaja na ugunduzi wake: kibomba cha mpira kinachouvuta ule mlango kina ufa. Akakibadilisha. Tukapanda kilima, hakuna taa. Akafurahi, maskini. Solange akamletea ndizi. Mimi sikuletewa.

Ndipo Papa Akilimali akaniomba nizungushe ufunguo bila kuwasha injini. Akachungulia. Akasema Jumapili mnyama huyu alikuwa na taa tisa, leo ana nane. Nilisahau kwamba mtu huyu kila siku huhesabu mbuzi arobaini wakiwa wanatembea. Nikasema moja imelala. Akasema nimwamshie aione. Nimeirudisha. Imewaka.

Alhamisi, 12 Juni.

Sikula. Nimefikiri mpaka kichwa kikauma, na hii ndiyo hesabu niliyoipata: kama kipande kimoja cha kopo kilisaidia kidogo, viwili vitasaidia sana.

Nikamwomba Solange kopo tupu la tomati. Nikasema ninataka kikombe cha kunywea maji. Alinitazama kwa muda. Kwao vikombe vipo kumi, nimevihesabu baadaye. Wote walipokwenda shambani nikaingia chini ya jeep, nikafungua, nikaongeza kipande cha pili juu ya kile cha kwanza, nikafunga. Nimeungua kiganja na kiwiko. Sikuwa nimefika hata njia panda, taa ikawaka.

Sijawahi kukata tamaa namna hii. Nina miaka thelathini na minne na sina mbuzi hata mmoja. Nina jeep hii na nina Solange, na kimoja kinataka kumfukuza mwenzake. Bado siku mbili.

Ijumaa, 13 Juni.

Gustave ameomba abaki na jeep peke yake mchana kutwa. Kwanza akaniita pembeni. "Kaka Honoré, kama kuna kitu ulifanyaka kwa hii gari, uniambie. Sitasema kwa muntu." Nikasema sikufanya kitu. Akahema. Akasema basi atafungua hata kule chini. Sikuogopa. Alishasema mwenyewe bolti zina kutu.

Alasiri Solange akaja kukaa nami jikoni akichambua maharage. Akaniambia baba yake humsamehe mtu jambo lolote, mradi mtu mwenyewe awe wa kwanza kulisema. Alichambua maharage mengi sana. Nilihisi ni lazima niseme neno, nikasema maharage ya Ngungu ni makubwa kuliko haya. Akainuka akaenda.

Jumamosi, 14 Juni.

Taa imezimika! Nimepanda kilima mara tatu. Nguvu kama zote, moshi hakuna. Kwa hiyo kile kipande cha pili kimefanya kazi, kilichelewa tu. Nimevaa shati jeupe.

Naandika tena, saa kumi alasiri. Familia ilikaa uani. Solange akaitwa, kama inavyotakiwa, aulizwe kama wazazi wake wapokee. Akaja na sahani iliyofunikwa kitambaa. Nilidhani ni chakula. Akafunua: vipande viwili vya kopo, kimoja cheusi kama mkaa, kingine bado kina picha ya nyanya. Akaeleza kwamba Gustave alivitoa jana kule chini kwenye bomba, na tangu hapo taa haijawaka.

Akaniuliza mbele ya wote kama ninavijua. Papa Akilimali alinitazama bila hasira yoyote. Hata Gustave aliniashiria kwa kichwa nikubali. Neno moja tu lilihitajika. Nikasema ni mara yangu ya kwanza kuviona.

Papa Akilimali akamgeukia binti yake, akamuuliza kama wapokee. "Hapana, Papa," akasema Solange, na machozi yakamtoka. "Gari iko muzima. Mwenye gari njo mugonjwa."

Nimeambiwa niondoke na mnyama wangu.

Jumapili, 15 Juni. Nyabiondo.

Jeep haina tatizo lolote. Imepanda kila kilima bila kulalamika, na naichukia. Nimelia tangu Kashebere. Ninampenda Solange. Sikuwahi kuliandika humu kwa sababu nilidhani linajulikana.

Lakini nimekaa hapa kando ya barabara nikajichunguza, na kosa langu nimeliona. Nilimficha mambo. Mwanamke kama yule hataki gari wala mbuzi, anataka kuambiwa ukweli. Nimepata karatasi na bahasha, na kuna mwenye pikipiki anayekwenda Kashebere kesho asubuhi. Nitamwandikia yote, bila kuficha hata moja: jinsi Gustave alivyoviweka vile vipande kwa wivu, na jinsi mimi nilivyonyamaza mbele ya watu ili nimlinde.