Bomba Langu na Koo za Virusi

Leo nimevuliwa nguo hadharani, na kanzu nilikuwa nimeivaa. Nawaandikia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na watu wa mtaa wa Ng'ambo, maana wale wakisimulia huongeza chumvi hadi ng'ombe wenyewe wanaongea.

Mnajua ni mimi ninayewachoma sindano ng'ombe wa maziwa wa kikundi chetu, wangu wakiwemo. Shule niliishia darasa la nne, lakini ndigana, ule ugonjwa wa kupe, nainusa tangu barabarani. Wananiita Dokta. (Sikuwaomba. Sikuwakataza pia.)

Sasa, ng'ombe wakaanza kuvimba matezi. Ng'ombe wa Masanja, mwenyekiti wetu, alivimba shingo hadi akafa. Wataalamu wakaja, wakachukua damu zizi kwa zizi. Mimi sikuhitaji damu. Nilishasema ugonjwa kaleta Mama Pili, yule aliyehamia mwaka jana na ng'ombe wake kutoka Kaliua. Atolewe kikundini, maziwa yake yasiingie tena kwenye tangi letu la kupozea. Pengine pa kuuza hana. Nililijua hilo, na bado nikakaza.

Leo asubuhi tukakutana pale kwenye tangi tupige kura. Kwanza akasimama binti mtafiti kutoa majibu. Akaniamkia vizuri, nikaitikia marahaba. Mpaka hapo tulielewana.

Akasema ni virusi vinavyokaa kwenye damu ya ng'ombe. Mtu havimpati, na tiba hakuna. Halafu akasema vina koo mbalimbali kama watu, na ukiujua ukoo unaweza kufuata vilikopita.

Nikadakia. "Kama vina koo, taja ukoo wa Kaliua tumalize kazi."

"Nataja, mzee. Ng'ombe mmoja wa Mama Pili anavyo kweli. Lakini ukoo wake uko kwake tu, haujatoka nje ya zizi lake. Ninyi wengine mna ukoo mwingine kabisa, na wote mna huo huo mmoja." Akatuangalia. "Ng'ombe wenu hukutana malishoni?"

"Hapana," Masanja akajibu. "Kila mtu anawalishia bandani kwake."

"Basi anawatibu nani?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kuangalia vidole vyangu vya miguu. Nikasimama. (Fundi akiulizwa, fundi huketi?)

"Mimi."

"Wote?"

"Wote, isipokuwa wa huyu mama. Alinifukuza bandani kwake, eti ng'ombe wake wana sindano zao."

"Na kila ng'ombe unamfungulia sindano mpya?"

"Mpya ya nini?" Nikalitoa bomba langu la sindano mfukoni, nikaliinua juu hata waliokaa nyuma walione. La chuma, sio haya ya plastiki yanayotupwa kama maganda ya karanga. "Hili limechoma ng'ombe wa kila mtu aliyekaa hapa. Na sindano yake ni hii hii, haijawahi kunigomea. Nikimaliza mmoja naifuta kwa kanzu, nahamia banda la pili."

Hawakucheka. Afadhali wangecheka. Masanja alinitazama, akalitazama bomba, nami nikajua anamwona ng'ombe wake. Mkono wangu bado ulikuwa juu. Nikaushusha polepole, kama mtu aliyekuwa anajinyoosha tu.

Karim mwenye duka, naye ana ng'ombe kikundini, akakohoa. "Mwenyekiti, mzee mwenyewe alisema aliyesambaza atolewe kwenye tangi. Si ndiyo kura yenyewe hii?"

Mnaona mambo hayo? Kwa sheria niliyoitunga mimi! Mikono ikaanza kupanda.

Mama Pili akasimama. Nikajikaza nipokee.

"Mzee abaki," akasema. "Ana wajukuu wanaosoma kwa maziwa hayo. Kipigiwe kura ya kutolewa hicho kibomba."

Kibomba. Mengine yote nilivumilia, hilo liliniingia.

Mikono yote ikapanda, na wangu pia. Sio kwamba nilikubali. Sikutaka tu ionekane kuna kura iliyonishinda mimi peke yangu. Binti mtafiti akalipokea bomba kwa vidole viwili kama anayebeba panya.

Nikaona niseme neno la kiutu uzima. "Mama Pili, kesho maziwa yako lete."

"Ya leo yameshaingia, mzee," akasema. "Yaliyokuwa yanasubiri kura ni yako."

Sasa mnisikilize vizuri. Nimetibu ng'ombe tangu binti yule hajazaliwa, na wapo waliosimama baada ya wenyewe kukata tamaa. Hilo hakuna kipimo cha kulifuta. Anayetaka kucheka acheke, ila ng'ombe wake akizidiwa asinipigie simu.

(Akipiga nitakuja. Sindano anunue yeye.)