Mbuzi wa Resini Waenda Othaya

Jumamosi, 4 Agosti 1979

Leo nimekuwa mkurugenzi. Sina meza wala kiti cha kuzunguka, lakini kampuni ninayo. Iko kitandani, ndani ya masanduku mawili.

Ni mali ya yule mzungu wa Naro Moru aliyehamia Australia. Alikuwa akitengeneza sanamu ndogo za resini, ile gundi nzito inayomiminwa kama uji kisha inakuwa ngumu kama jiwe. Watalii walizigombania hotelini. Askari wa Farasi! Mwindaji na Simba! Mifugo ya Shambani! Alipoondoka, zote zikakoma. Kalibu zake za mpira, zile za kumiminia, zilikuwa zikizuia mlango wa stoo ya kahawa usifungwe na upepo. Nimewapa watu wa stoo jiwe, wakanipa masanduku. Huo ndio ubongo wa biashara.

Kila sanamu ni kipimo cha moja kwa thelathini na mbili. Yaani ukipanga thelathini na mbili, moja juu ya nyingine, unapata kimo cha mwenyewe. Nimelisoma hilo kwenye kifuniko na limenifurahisha sana.

Jirani yangu Kingori, huyu wa matangi ya maji ya faiba, aliniona nikipita. Akauliza ati hizo soli za viatu napeleka wapi. Wivu. Gatitu nzima imejaa wivu.

Wakonyo sijamwambia. Mchumba wangu ni mwalimu wa hesabu na yuko kwao Othaya kwa likizo. Tarehe 25 tunakwenda kupanda ithigi, kumjulisha baba yake rasmi kwamba msichana ana mwenyewe. Baada ya ile biashara yangu ya kupaka kuku rangi, aliniambia wazi: Moffat, mpango mmoja tena wa ajabu, utanitafuta usinipate. Nampenda sana huyu msichana. Ndiyo maana simwambii.

Jumatatu, 6 Agosti

Nimekagua kalibu. Habari si nzuri sana. Askari wa Farasi yupo, farasi hayupo. Amechuchumaa hewani, mkono juu, kama mtu aliyefumaniwa chooni. Mwindaji yupo pia, anamlenga simba aliyeliwa na panya. Mifugo ya Shambani ndiyo imepona, na hata hapo ni mbuzi mmoja na kondoo mmoja tu. Basi. Kampuni kubwa zote zilianza na kidogo.

Resini hakuna dukani. Aliye nayo ni Kingori, pipa zima la kutengenezea matangi. Alitaka pesa taslimu. Nikamcheka. Hapo akachungulia juu ya ua na kuwaona wale wawili wa mama, mwati na harika: kondoo jike na mbuzi jike, wachanga, hawajazaa. Ndio wanaotangulia mbele ya baba mkwe. Bila wao hakuna ithigi, hakuna mazungumzo, hakuna kitu. Mama amewalea kwa mkono wake na kila jioni huwasemesha.

Kingori amewachukua. Mimi nimechukua pipa. Kabla ya tarehe 25 nitakuwa nimeuza sanamu na kununua mbuzi wengine wanono zaidi. Mama yuko Karatina kwa dada yake, hana haja ya kusumbuliwa.

Alhamisi, 9 Agosti

Baridi! Manyunyu toka asubuhi, mlima hauonekani kabisa. Maandishi ya pipa yanasema resini igandishwe mahali penye joto. Aliyeandika hajawahi kukaa Nyeri mwezi wa nane.

Mbuzi wangu hawagandi. Nimewazungushia jiko. Wameinama upande wa moto kama wazee kwenye matanga. Nikaongeza dawa ya kugandisha. Haikutosha. Nikaongeza tena. Sufuria ya mama ya ugali ikatoa moshi, ikalia paa! Sasa ina jiwe la manjano ndani yake ambalo halitoki kwa nyundo wala kwa maombi.

Jioni nimepata mbuzi wa kwanza aliyesimama mwenyewe. Ana pembe, ana ndevu, ana kwato nne. Nimetokwa na machozi, na si moshi peke yake. Ananata kidogo, kama peremende iliyolambwa. Atakauka.

Jumapili, 12 Agosti

Nimeweka meza nje ya kanisa. Nilipaza sauti: mifugo ya kimataifa, haili majani, haishikwi na kupe! Mzee mmoja akauliza inakula nini basi. Nikasema haili kitu. Akasema inamfaa mtu kama mimi. Mama mmoja akauliza kama ni dawa, na inatafunwa au inayeyushwa majini.

Pasta akapita, akasimama, akaniuliza kama nimewahi kusoma habari za ndama wa dhahabu. Nikamjibu kwa heshima kwamba ndama sina, nina mbuzi na kondoo tu. Aliondoka akitikisa kichwa.

Sikuuza hata mmoja. Watu wetu hawajui sanaa. Mbuzi kwao ni kitu cha kuuliza kimeiva au bado.

Ijumaa, 17 Agosti

Mama amerudi. Kabla hata ya kuweka kikapu chini ameuliza wanyama wako wapi. Nimemwambia wako mahali salama, wanapumzika kabla ya safari. Wakati huohuo kondoo akalia nyuma ya ua wa Kingori, kwa sauti ile ile ya kudeka. Mama akageuza shingo. Nikaanza kuimba wimbo wa kanisa, beti zote.

Baadaye akaitafuta sufuria. Sitaki kuandika habari za sufuria.

Ila leo pia nimepata wazo, na nikisema wazo namaanisha WAZO. Siku hizi wazee wa mahari hupokea noti na kusema, hii ni mbuzi. Karatasi! Haina pembe, haina mkia, na bado ni mbuzi. Basi kitu chenye pembe na mkia kitakataliwa kwa nini? Na zaidi: sifa kuu ya mwati na harika ni kwamba hawajazaa. Wangu hawajazaa na hawatazaa kamwe. Hakuna mzee atakayewashuku.

Kuhusu udogo, hesabu ni rahisi. Thelathini na wawili wanafanya mmoja kamili. Nitapeleka mbuzi thelathini na wawili, kondoo thelathini na wawili. Wakonyo ni mwalimu wa hesabu. Atajivunia mimi.

Jumamosi, 25 Agosti

Nimerudi kutoka Othaya. Naandika nikiwa sijavua tai.

Msemaji wetu alikuwa mjomba Muriithi. Nilikuwa nimemwambia wanyama wametangulia. Kwa hiyo alisimama katika sebule ya Mzee Kihara, baba yake Wakonyo, na kutoa hotuba ya kupendeza ajabu, kwamba tumekuja na kundi, si wawili kama watu wa kawaida, bali kundi zima! Akina mama wakashangilia. Wazee wakaamka, wakakimbilia dirishani kuangalia malisho. Mmoja akawaita vijana wafungue lango kubwa.

Nikafungua sanduku.

Mama yangu alishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi nikaanza kuwapanga mezani, nikieleza habari za kipimo, habari za noti, habari za kutozaa. Nilieleza vizuri sana.

Mzee Kihara ni mkulima wa chai, mtaratibu, hapandishi sauti. Alimchukua mbuzi mmoja akamkagua kama sokoni. Akambinya kiunoni. Akamfunua mdomo kwa ukucha atazame meno. Akataka kumrudisha mezani, mbuzi akakataa, amenata kidoleni. Akakung'uta mkono hewani, wapi! Wale wa mezani nao walikuwa wameshikana na kitambaa cha kufuma cha mama mwenye nyumba. Alipojaribu kukivuta, kundi lote likainuka pamoja nacho, likaning'inia.

Hapo Mzee akamwita Wakonyo, kama desturi ilivyo, amuulize mbele ya watu kama wazee wawale mbuzi hawa, yaani kama amenikubali. Alitoka jikoni na gauni la buluu. Alikuwa mzuri mpaka nikasahau nilipofika kwenye maelezo yangu. Alitazama meza. Alinitazama mimi. Akasema nimekosea hesabu: kimo si peke yake, kuna upana na kuna urefu, kwa hiyo mbuzi mmoja kamili anahitaji elfu thelathini na mbili na zaidi, na nimeleta pungufu. Kisha akamgeukia baba yake.

"Baba, mkiweza kuwatafuna, waleni."

Walicheka mpaka mjomba Muriithi naye akacheka, msaliti. Yeye Wakonyo hakucheka. Macho yake yalikuwa na maji, na hilo liliniuma kuliko kicheko chote.

Shangazi yake Watiri akasema si vizuri wageni warudi mikono mitupu. Wanawake wakaingia jikoni wakakaa sana. Wakatoka na sinia, juu yake vitu vitatu vidogo vimefunikwa kwa vitambaa. Akasema kwao bwana harusi humtambua mwenyewe bibi yake kati ya wasichana waliofunikwa. Nichague. Nikachagua wa katikati, nikafunua. Sahihi! Mara ya kwanza tu! Wale wengine walikuwa mapande matupu ya sabuni ya mche. Wangu alikuwa Wakonyo mzima, wa sabuni, kimo cha kidole, mkono kiunoni. Watiri amemchonga kwa kisu cha viazi.

Mzee Kihara akasema ameshapokea mbuzi wa kipimo changu, na huyo ndiye binti wa kipimo hicho hicho. Niende naye salama. Kisha akaomba mafuta ya taa ya kutoa mbuzi kidoleni.

Jumapili, 26 Agosti

Mama hasemi nami. Ameniwekea githeri mezani bila neno. Kingori amekuja kutoa pole akiwa na kondoo wetu kwa kamba, ati walikuwa wakipita tu.

Sina hamu ya kitu. Niliwaza habari za Wakonyo kanisani, sikumsikia pasta hata kidogo. Nampenda. Nimemwaibisha mbele ya kwao. Nimeapa: kampuni imekwisha. Pipa litarudi kwa Kingori, kalibu zitarudi mlangoni pa stoo.

Jumatano, 29 Agosti

Siamini. Mjomba Muriithi ameteremka na pikapu, nyuma kuna kondoo jike na mbuzi jike. Wazima! Wanalia, wanakunya, wana kila kitu. Wachanga, hawajazaa.

Ni Wakonyo. Amewanunua mwenyewe soko la Chaka kwa mshahara wake wa ualimu. Msichana kujitolea mbuzi wake mwenyewe! Ikijulikana Othaya, baba yake hatainua uso mbele ya wazee wenzake. Ameniletea ujumbe kupitia mjomba: nisiseme walikotoka. Jumamosi hii nije nao, watembee kwa miguu yao wenyewe mpaka kwa baba. Amemwomba Mzee atupokee mara moja tena na Mzee amekubali kwa shida. Hataomba mara ya tatu. Mjomba anasema alilia akisema haya.

Nami nimelia, nimekumbatia kondoo. Sistahili msichana huyu. Nimewafunga chini ya dirisha langu niwaone. Mama amenipa chai ya maziwa. Amesema, "Haya, Moffat." Maneno mawili tu, lakini ni mwanzo.

Ijumaa, 31 Agosti

Asubuhi nilikuwa nikipiga viatu rangi kwa ajili ya kesho. Sanamu ya sabuni ilikuwa dirishani, jua limeipata. Jua Nyeri, mwezi wa nane! Nikaitazama. Nikaisogelea.

Kazi safi sana hii. Kidevu chake chenyewe. Kilemba upande. Ile namna ya kuweka mkono kiunoni akitaka kukusomea makosa. Mzungu wa Naro Moru hakuwahi kuwa na kitu kama hiki. Alikuwa na farasi na simba, lakini nani hapa ana haja na farasi? Kila nyumba ina harusi. Bibi Harusi wa Nyeri! Ipakwe rangi, iwekwe juu ya keki, juu ya redio, kwenye kioo cha gari. Na maonyesho ya kilimo ni mwezi ujao!

Kinachotakiwa ni mpira wa kutengenezea kalibu, na upesi, maana sabuni ina nyufa tayari na haitangoja. Kingori anao. Nimemwendea. Hakutaka maneno mengi. Alitazama tu chini ya dirisha langu.

Wameondoka saa nne. Kondoo alikuwa mbishi kidogo langoni. Mama yuko sokoni, amekwenda kuninunulia shati la kesho.

Kalibu imetoka vizuri mno! Nimeshamimina sita. Kesho mjomba atapita saa mbili na pikapu, nitamweleza njiani. Mzee Kihara ni mtu wa kilimo, anajua maana ya kungoja mavuno. Baada ya maonyesho nitampelekea mbuzi mia.

Na Wakonyo ataelewa akimwona Bibi Harusi wa Nyeri. Wa kwanza kukauka nitampa yeye mwenyewe, bure kabisa.