Pipa la Mawe Mekundu

Jumanne, 4 Machi
Maji ya pampu yetu yana floraidi nyingi, madini yanayoharibu meno. Meno ya watoto yamekuwa ya kahawia. Binti yangu Asibi hawezi kucheka bila kuziba mdomo. Inaniuma. Leo Naba, chifu wetu, katangaza: Ijumaa ataonja maji, na mwenye chujio bora ndiye atakayesimamia pampu. Nani kama si mimi? Eti hata jirani yangu Atubiga ana pipa la kuchujia.

Jumatano
Nimechungulia kwake juu ya ukuta. Atubiga anachoma mawe mekundu ya mlimani, anayaponda, anayaosha mpaka maji yatakate, ndipo anayatia kwenye pipa. Akaniona! Akasema, "Karibu Ayamga, kuni zipo, tuchome pamoja." Dharau gani hii? Nitachoma kwangu.

Alhamisi
Mke wangu Lamisi anapika pombe ya soko, jiko halina nafasi. Nilimbembeleza aniachie kidogo tu. Akasema nikamwombe mama yake jiko lake. Kwa mkwe sithubutu. Basi. Jiwe ni jiwe. Nimeponda mabichi, nikajaza pipa. Kuosha? Muda uko wapi! Usingizi umegoma. Naba akiharisha je?

Ijumaa
Balaa! Maji yangu yalitoka mekundu, mazito. Naba akapiga funda, akapaliwa, akayatema yote kwenye joho lake jeupe. Kisha bibi mmoja akauliza, "Ayamga, haya maji au umechinja kuku?" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Asibi naye. Alicheka hadi akasahau kuziba mdomo. Nikatazama chini.

Ya Atubiga yalitoka maangavu. Mpimaji wa maji wa wilaya akadondoshea dawa yake, akasema floraidi imeshuka sana, na Naba akampa Atubiga pampu aisimamie. Asibi akanywa vikombe viwili, mbele yangu!

Jumamosi
Atubiga kaja mlangoni. Dada yake aliye mjini Kumasi anaumwa, lazima asafiri. Kaniomba nimtunzie pipa. Mimi! Kaniusia nisiguse kitu, maji yapite polepole, hapo ndipo mawe yanapokamata floraidi. "Usiwe na haraka, ndugu yangu." Nimeapa.

Jumapili
Maji yanadondoka kama machozi! Foleni ya ndoo imefika barabarani, akina mama wananitazama vibaya. Nimepunguza mawe nusu, nikayamwaga nyuma ya choo. Sasa maji yanabubujika! Foleni imekwisha mara moja. Ajabu, Atubiga na akili zake zote, hakuliwaza hili.